Chokoleti Nyeupe Yenye Bangi: Yanayomfaa Kila Mkaazi wa Thika na Ruiru Kujua

Keki, biskuti na chokoleti zinazotengenezwa nyumbani zimewapa vijana wetu wengi riziki, na kazi hiyo ni halali. Hata hivyo, wapo wachache wanaoiharibia sifa. Humu nchini, polisi wamewahi kuwakamata watu wakiuza biskuti na keki zilizochanganywa na bangi, na wateja wanaolengwa mara nyingi ni wanafunzi. Miji yetu ina wanafunzi wengi: Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika, Zetech iko Ruiru, na JKUAT iko katikati, pale Juja. Katika somo hili tunaangalia chokoleti nyeupe, kwa nini hutumiwa kuficha bangi, na la kufanya mtu akiila.

Chokoleti nyeupe ni nini?

Tunda la kakao lina mbegu. Mbegu hizo zikikaangwa na kusagwa, hutoa vitu viwili: unga wa kahawia wenye uchungu, na mafuta ya rangi ya maziwa. Chokoleti ya kawaida huwa na vyote viwili. Chokoleti nyeupe hutumia mafuta pekee, pamoja na sukari na maziwa. Kwa viwango vya kimataifa, inapaswa kuwa na angalau asilimia 20 ya mafuta ya kakao na asilimia 14 ya maziwa makavu. Zile za bei nafuu hutumia mafuta mengine ya mimea. Kwa vyovyote vile, kipande cha chokoleti nyeupe ni mafuta na sukari kwa sehemu kubwa.

Kwa nini bangi hufichwa humo?

Kemikali inayolevya katika bangi huitwa THC. Haichanganyiki vizuri na maji bali hushikana na mafuta, na ndiyo sababu vyakula vyenye bangi huwa vya siagi, mafuta au chokoleti. Chokoleti nyeupe ina utamu mwingi unaofunika ladha ya bangi. Pia hukubali rangi yoyote na umbo lolote, hata la mnyama au la kikaragosi kipendwacho na watoto. Kwa hiyo usitegemee macho, ulimi wala pua kukuambia kilichomo.

Hatari iko katika kuchelewa

Anayevuta bangi huhisi ulevi baada ya dakika chache. Anayeila hungoja. Chakula hupita tumboni, kisha THC hufika kwenye ini, ambalo huigeuza kuwa kemikali nyingine inayolevya kwa nguvu zaidi. Safari hiyo huchukua kati ya dakika 30 na saa mbili, na ulevi wake waweza kudumu hadi saa 12 au zaidi.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu hula kipande kimoja, nusu saa ikapita bila kuhisi lolote, akadhani amepewa chokoleti ya kawaida. Huongeza cha pili na cha tatu, kisha vyote humlemea kwa pamoja.

Mnamo Machi 2014, mjini Denver, Marekani, kijana wa miaka 19 alikula biskuti ya bangi iliyouzwa dukani kihalali. Biskuti hiyo moja ilikuwa na THC ya kutosha watu sita, na muuzaji alikuwa amemwambia aigawe. Alianza kwa kipande kimoja. Alipoona hakuna kinachotokea, alimaliza yote iliyobaki. Saa chache baadaye alichanganyikiwa, akajirusha kutoka roshani ya ghorofa ya nne na kufa.

Biskuti hiyo ilikuwa na maandishi ya kipimo. Chokoleti iliyoyeyushwa kwenye sufuria ya nyumbani na kuuzwa kwa siri haina kipimo chochote. Bangi haisambai sawasawa ndani yake, kwa hiyo kipande kimoja chaweza kuwa na kidogo sana na cha pili kikawa na nyingi kupindukia. Hata aliyeitengeneza hajui.

Watoto ndio walio hatarini zaidi

Mtoto akiona chokoleti, huona chokoleti tu. Nchini Marekani, ambako majimbo kadhaa yameruhusu bangi, vituo vya ushauri wa sumu vilipokea ripoti 207 za watoto wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vya bangi mwaka 2017. Mwaka 2021 ripoti hizo zilifika 3,054. Wengi walivikuta nyumbani mwao wenyewe.

Dalili za kuangalia ni hizi: usingizi usio wa kawaida, kuyumbayumba, macho mekundu, moyo kwenda mbio, kutapika, woga au kuona vitu visivyokuwepo. Kwa mtoto mdogo, pumzi yaweza kupungua, akapata degedege au kupoteza fahamu.

Ufanye nini mtu akiila?

1. Mpeleke hospitali bila kungoja, hasa akiwa mtoto, au mtu mzima anayepumua kwa shida au asiyeamka. Hospitali ya Thika Level 5 na ile ya Ruiru hupokea wagonjwa wa dharura.

2. Usimpe maziwa. Wengi wetu tumezoea maziwa kama dawa ya sumu, lakini maziwa yana mafuta, na mafuta husaidia mwili kunyonya THC zaidi. Pia usimlazimishe kutapika.

3. Akisinzia, mlaze kwa ubavu na usimwache peke yake.

4. Mwambie daktari ukweli na ubebe mabaki ya chokoleti au karatasi yake. Kazi ya daktari ni kutibu, na ukificha, atapoteza muda akitafuta ugonjwa mwingine.

5. Aliyeila asiendeshe gari wala bodaboda siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Ulevi waweza kumpata akiwa tayari yuko Thika Road.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kudhibiti Mihadarati ya mwaka 1994 inaharamisha kumiliki na kuuza bangi. Kuichanganya na chokoleti hakuibadilishi kuwa chakula. Anayeiuza au kuisafirisha hujiweka katika hatari ya kifungo cha miaka mingi. Anayemlisha mwenzake bila kumwambia, hata kwa mzaha wa sherehe ya kuzaliwa, anahatarisha maisha ya mtu.

Unaponunua vitamu, tafuta nembo ya ubora ya KEBS. Waweza kuithibitisha kwa kutuma neno SM, alama ya #, kisha nambari ya kibali iliyo chini ya nembo hiyo, kwenda 20023. Mzazi, zungumza na mtoto wako leo: asile kitamu alichopewa na mtu asiyemjua, na akishakula, akuambie bila kuogopa kichapo. Mtoto anayeogopa kichapo hunyamaza, na saa zile mbili za kwanza hupita bure.

Kwa ushauri kuhusu dawa za kulevya, piga simu ya NACADA 1192 bila malipo. Kwa usalama wa mtoto, piga 116. Kwa dharura, piga 999 au 112.