Nguanzu: jina la mji lililogeuka hukumu

Katika soko la Ubundu, ukimuuliza mtu kwa nini kiatu chake kimepasuka kabla ya mwezi kwisha, hujibu kwa neno moja: nguanzu. Nilikwenda huko kukusanya msamiati wa biashara kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Kwa siku nne nililisikia neno hilo likisemwa juu ya kufuli, redio, betri, taa, na mara moja juu ya ahadi ya mchumba.

Asili yake si fumbo. Guangzhou ni mji mkubwa wa kusini mwa China. Tangu 1957 hufanyika humo maonyesho makubwa ya biashara, na mtaa wake wa Xiaobei unajulikana sana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika, Wakongomani wakiwemo. Neno linasikika katika Kilingala cha Kinshasa pia, na yaelekea lilipanda mto pamoja na bidhaa. Njiani likavikwa nguo ya Kibantu: mwanzoni g ikapata king'ong'o, na katikati ikabaki nz tuliyoizoea katika nzi na nzige. Kisarufi ni kaidi, halikubali upatanisho. Tunasema kiatu nguanzu, viatu nguanzu, moto nguanzu (moto ndiyo pikipiki kwetu).

Lakini kinachonivuta ni maana. Kiswahili kiliwahi kufanya jambo hili hili zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nacho kikaitwa merikani. Misafara ikakibeba hadi Manyema, na mahali pengi kilitumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata ugavi, viwanda vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo, ila jina likabaki merikani. Ubundu yenyewe ni mji wa njia hiyo ya Lualaba, na Kiswahili tunachosema huku kilikuja na watu hao hao wa misafara.

Basi tuna majina mawili ya mahali yaliyogeuka majina ya vitu. Merikani lilikuwa sifa. Nguanzu ni lawama. Na kama merikani, neno limekwisha kuachana na asili yake: moto iliyotengenezwa India, ikifa barabarani kati ya Kisangani na Ubundu, nayo huitwa nguanzu.

Hapo ndipo neno linapopishana na mambo yenyewe. China iliyoanza mageuzi ya uchumi mwaka 1978 ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, na mwaka 2010 uchumi wake ukaupita wa Japani na kuwa wa pili duniani. Leo inaunda treni za kasi na magari ya umeme. Simu niliyorekodia mazungumzo yangu ni Tecno, ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, umbali mfupi kutoka Guangzhou. Imenyeshewa mvua mara mbili na haijanisaliti. Tena nchi hiyo si mgeni wa soko la rejareja tu. Tangu mkataba wa Sicomines wa 2008, shaba na kobalti ya Kolwezi imefungamanishwa na ujenzi wa barabara na hospitali nchini kwetu. Uwezo wa namna hiyo neno letu haliuoni kabisa. Linaona kiatu.

Nilimweleza hayo mama mmoja muuzaji, nikidhani namfundisha. Alikuwa akifunga tochi katika karatasi. Akacheka.

«Mwanangu, Muchina anatengeneza yote mbili, ya nguvu na ya bure. Sisi njo tunaombaka ya bei ya chini.»

Akanionyesha kufuli mbili, zote za kutoka China. Moja nzito, iliyokaa rafuni tangu mwaka uliopita bila mnunuzi. Nyingine nyepesi, ambayo huisha kila wiki. Reli ya kilomita 125 kutoka Kisangani, iliyofunguliwa mwaka 1906, haina treni ya kutegemewa. Mzigo unakuja kwa moto, na kila kilo inalipiwa. Anayeagiza huagiza kilicho chepesi na rahisi, kwa sababu ndicho mteja wake anachoweza kukilipia. Kiwanda kinafuata oda.

Katika rasimu ya kwanza ya kidahizo changu nilikuwa nimeandika: «nguanzu, kitu kibovu kitokacho China». Nimefuta maneno mawili ya mwisho. Mwalimu anayenisimamia anataka yarudi, kwa hoja ya etimolojia, na sipingi kwamba etimolojia iwekwe mahali pake, katika mabano. Fasili yangu sasa inasomeka: «kitu kilichonunuliwa kwa kujua kwamba hakitadumu». Nilimsomea mama yule kwa simu. Alisema nimesahau kuandika bei.