Nyundo Ipite Kila Mkono: Kuandaa Safari ya Jiolojia Isiyomwacha Msichana Nyuma

Ukifuatana na wanafunzi wa jiolojia uwandani, mara nyingi utakuta wavulana wanagonga mwamba na msichana ameshika daftari, eti kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Wote watahitimu, ila mmoja wao hatakuwa amewahi kupima mwinamo wa tabaka kwa mkono wake. Siku akiomba kazi mgodini na kuulizwa uzoefu wa uwandani, hapo ndipo atakapokwama. Chanzo cha kukwama huko ni jinsi safari ilivyopangwa. Basi wewe mkuu wa msafara, anza hivi.

1. Andika zamu. Orodhesha kazi: nyundo, dira, ramani, sampuli, daftari na uongozi wa kundi. Zizungushe kila siku, kwa majina. Usingoje watu wajitolee, maana aliyezoea nyundo ataikimbilia tena.

2. Uliza saizi kabla ya kununua vifaa. Kiatu kinachopwaya huteleza kwenye mteremko, na kofia ngumu inayocheza kichwani haimkingi mtu. Ovaroli ziwe za vipande viwili, suruali na koti, ili msichana asilazimike kuvua nguo zote anapokwenda haja.

3. Panga vituo vya kuchimba dawa. Asiye na mahali pa kujisitiri hujinyima maji, na kwenye jua la Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kujinyima maji ni hatari. Weka vituo kwenye ratiba kama unavyoweka vituo vya miamba. Taulo za kike, sabuni na mifuko ya taka vikae mahali ambapo mtu anachukua bila kuomba ruhusa.

4. Tayarisha wenyeji. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mtambulishe kila mmoja kwa kazi yake: "Huyu ndiye kiongozi wa kundi la ramani." Kwenye migodi, nenda mapema zaidi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1935 ulikataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi, na kwa baadhi ya wachimbaji wadogo bado ipo imani kwamba mwanamke akishuka shimoni madini hukimbia. Maliza mazungumzo hayo na wahusika kabla ya siku ya ziara. Si haki mwanafunzi aachwe abishane peke yake mdomoni mwa shimo.

5. Weka njia ya malalamiko. Taja watu wawili wa kupokea taarifa za unyanyasaji, mmoja awe mwanamke na mmoja awe nje ya msafara. Usijiweke wewe peke yako, kwani huenda anayelalamikiwa ni wewe. Tenga nauli ya dharura, na utangaze kabla ya kuondoka kwamba atakayelazimika kurudi nyumbani hatapoteza alama.

6. Pima hoja ya msichana kwa ushahidi. Mwanajiolojia Marie Tharp alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 1948. Wanaume walikwenda baharini kupima kina, yeye akabaki ofisini kuchora, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa melini. Mwaka 1952 aliona kwenye vipimo hivyo bonde linalopasua katikati ya safu ya milima iliyo chini ya Atlantiki. Mwenzake Bruce Heezen aliupuuza ugunduzi huo kama maneno ya kike. Ramani ya vitovu vya matetemeko ilipolingana na bonde lile, ilibidi akubali, na ufa huo ukahusishwa na Bonde la Ufa letu la Afrika Mashariki. Tharp alipanda meli ya utafiti mwaka 1968, miaka 20 baada ya kuajiriwa. Kwa hiyo msichana akisema ameona ufa, mwambie akuonyeshe, kisha mpime pamoja.

7. Andika majina. Kila ramani na kila sampuli iwe na jina la aliyeifanyia kazi, na jina hilo lifike hadi kwenye ripoti ya mwisho.

Mkisharudi, linganisha karatasi za zamu na madaftari. Ukimkuta msichana hata mmoja asiye na kipimo alichokichukua mwenyewe kwenye mwamba, mrudishe uwandani kabla ya kusahihisha ripoti yake.