Beseni la Mchanga Katika Nyumba Yenye Paka Wengi: Kijitabu cha Elimu ya Afya kwa Watu wa Nyumbani

DIBAJI

Katika miji yetu ya kale ya pwani, kama Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, paka ni jirani wa tangu na tangu, na nyumba nyingi za mawe, zilizopanda ghorofa juu ya ghorofa pasipo bustani wala udongo wa kufukulika, huwa na paka watatu, wanne au zaidi, ambao hawana budi kumaliza haja zao ndani. Kwa mujibu wa sheria ya dini inayofuatwa na wakazi wengi wa miji hiyo, paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi. Kwa hiyo mkojo ukianguka juu ya msala au godoro, taabu yake haikomi katika harufu, bali huingia katika ibada, katika afya na katika amani ya watu wa nyumba.

Wako wanaompiga paka kwa kosa hili, na wako wanaomtia katika gunia wakaenda kumtupa sokoni. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa itikadi moja: paka aachaye beseni lake hafanyi inda wala kiburi, ama beseni lina kasoro, ama njia ya kulifikia ina hofu, ama mwili wake una maradhi, na mwenye nyumba akiitafuta sababu kwa subira na utaratibu huipata.

1. SABABU KABLA YA HUKUMU

Asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu, aliyezoea kuwinda peke yake, kuhifadhi maji mwilini hata mkojo wake ukawa mzito na mkali wa harufu, na kufukia uchafu wake katika mchanga laini. Ndiyo maana mtoto wa paka, akikaribia umri wa wiki nne, huanza kufukua mchanga bila ya kufundishwa na mtu. Mnyama mwenye silika hii hahitaji bakora. Anahitaji mahali panapomridhisha. Apigwaye hujifunza jambo moja tu, nalo ni kumwogopa ampigaye, na tangu siku hiyo huenda uvunguni mwa kitanda au nyuma ya kabati kuificha haja yake.

Basi kwanza utazame mkojo wenyewe. Mkojo mwingi uliotuama sakafuni au juu ya nguo ni wa paka aliyechutama, na huo ni shauri la beseni au la maradhi. Mkojo kidogo uliotiririka ukutani au kwenye mguu wa kiti ni wa paka aliyesimama, mkia wake ukitetemeka, akitia alama katika milki yake. Huo ni shauri la ushindani, na dawa yake ya kwanza ni kuhasi, kwa kuwa kadiri ya madume 9 katika 10 huacha au hupunguza sana mwenendo huo baada ya kuhasiwa. Majike nao wafungwe kizazi, kwani nyumba ambayo paka huongezeka kila msimu haiwezi kupata mabeseni ya kuwatosha.

2. IDADI NA MAHALI

Kanuni ya idadi ni nyepesi: hesabu paka wako, kisha uongeze beseni moja juu yao. Paka wawili wapewe mabeseni matatu, na paka watatu manne. Lakini mabeseni manne yaliyopangwa safu moja katika pembe moja, machoni mwa paka ni kama beseni moja, kwa maana paka mmoja mwenye nguvu akilala mlangoni mwa chumba hicho huwa amewanyima wenziwe yote manne. Kwa hiyo yatawanywe, na kila ghorofa iwe na lake, pasipo kuwekwa karibu na chakula na maji, wala pembeni mwa mashine ya kufulia inayoweza kunguruma ghafula, wala mwisho wa ujia mwembamba ambao aliyeingia hana njia ya pili ya kutokea.

Ugomvi wa paka mara nyingi hauna sauti. Mmoja huketi katikati ya ukumbi akakaza macho tu, na mwingine, aliyetaka kupita, hurudi nyuma akaenda kukojoa juu ya busati. Mwenye nyumba asiyeona hilo humlaumu aliyekojoa, na mkorofi akabaki na sifa ya upole. Ukiwaona wawili wa namna hii, uwatenge kwa siku kadhaa, kila mmoja na chumba chake, chakula chake na beseni lake, kisha uwakutanishe kidogo kidogo, ukiwalisha pande mbili za mlango mmoja mpaka wazoeane.

3. CHOMBO NA MCHANGA

Chombo kiwe kipana, urefu wake usipungue mara moja na nusu ya urefu wa paka toka puani hata shinani mwa mkia, ili aweze kugeuka na kufukua. Beseni pana la plastiki hufaa, ila kwa paka mzee mwenye maumivu ya viungo, na kwa mtoto wa paka, ukate upande mmoja uwe na mlango wa chini. Usilifunike, kwani kifuniko huzuia harufu ndani na humziba paka asimwone anayemvizia.

Mwaka 1947 huko Marekani, Edward Lowe alianza kuuza chembe za udongo mkavu kwa kazi hii, na hata leo chembe za namna hiyo huuzwa madukani. Lakini kabla ya hapo watu walitumia mchanga na majivu, na mchanga wa mtoni uliochekechwa, ukaoshwa na kuanikwa juani, ungali unafaa. Mchanga wa bahari usiooshwa una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mchanga utiwe kina cha sentimita 5 hivi, nao usitiwe manukato ya aina yoyote, maana harufu inayompendeza binadamu humkimbiza paka.

4. USAFI

Uchafu uondolewe kila siku, na mara mbili kwa siku ni bora zaidi. Kila wiki mchanga umwagwe wote, na beseni lioshwe kwa maji ya moto na sabuni nyepesi. Dawa za kuua vijidudu zigeukazo nyeupe zinapotiwa majini zisitumike, kwa kuwa nyingi zina fenoli au vitu vya jamii yake, na ini la paka halina uwezo wa kuiondoa sumu hiyo. Wala dawa ya klorini isimwagwe juu ya mkojo, kwani vikikutana hutoa hewa yenye kudhuru mapafu ya watu na paka.

Mahali palipokojolewa nje ya beseni pasafishwe kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, isiyo na amonia, pakasuuzwe na kukaushwa. Harufu ikibakia, hata ile tusiyoisikia sisi, paka huiona kuwa idhini ya kurudi.

5. MARADHI YA PAKA

Paka aliyezoea beseni miaka mingi kisha akaliacha ghafula apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo lolote jingine, kwani huenda ana uvimbe wa kibofu, mafigo mabovu au kisukari. Na dume achutamaye mara kwa mara akijikamua, akilia, pasitoke kitu au yakatoka matone tu, njia yake ya mkojo huenda imeziba. Apelekwe saa ile ile, usiku au mchana, kwani asipotibiwa aweza kufa kwa siku chache.

6. AFYA YA WATU

Mwaka 1908, mjini Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux waligundua kijidudu kiitwacho Toxoplasma katika mnyama mdogo wa jangwani. Baadaye ilithibitika kwamba paka, akiambukizwa mara ya kwanza kwa kula panya au nyama mbichi, huweza kukitoa katika kinyesi chake kwa wiki moja hata tatu. Hata hivyo kinyesi kipya hakiambukizi papo hapo; kijidudu huhitaji siku 1 hadi 5 ili kipevuke. Hapo ndipo ilipo hekima ya kusafisha kila siku, kwa kuwa mkono mwepesi huutangulia ugonjwa.

Mama mjamzito, ambaye mtoto wake tumboni aweza kudhurika, amwachie mtu mwingine kazi hii. Na akikosa msaidizi, avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Wala hana haja ya kumfukuza paka. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo huleta ugonjwa huo huo, basi ajihadhari jikoni kama ajihadharivyo penye beseni.

Kinyesi cha paka huweza pia kuwa na minyoo, na mabuu ya baadhi yao hupenya ngozi ya miguu mitupu yakachora mistari myekundu yenye kuwasha. Kwa hiyo uchafu wa beseni usimwagwe ufukweni, wala penye mchanga wa kuchezea watoto, wala mferejini, wala karibu na kisima. Utiwe katika mfuko, ufungwe, upelekwe jaani.

KHATIMA: UTARATIBU WA KUFUATA

1. Mpeleke kwa daktari paka aliyebadili mwenendo wake.
2. Wahasi madume, na majike uwafunge kizazi.
3. Timiza idadi ya mabeseni, uyatawanye.
4. Weka mabeseni mawili yenye mchanga wa aina mbili, uone ni lipi linalopendwa.
5. Safisha kila siku kwa saa maalumu, na kazi hiyo iwe na mtu wake anayejulikana.
6. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ungoje wiki moja au mbili, ili ujue ni lipi lililofaa.

Atakayeushika utaratibu huu atamtendea haki mnyama asiyeweza kujitetea kwa maneno, na atawapa watu wake nyumba safi ya kukaa na ya kusalia.