Kuchagua Programu Nyepesi kwa Kompyuta Mpakato ya Nguvu Ndogo

Kompyuta iliyochakaa na kompyuta iliyolemewa ni vitu viwili tofauti, ingawa dalili zake hufanana. Zote mbili hukawia kuwaka, hugandisha skrini, na humfanya mwenyewe aamini kwamba mashine imekwisha. Ya kwanza huhitaji fundi. Ya pili huhitaji kupunguziwa mzigo tu, na jambo hilo laweza kufanywa na mtu yeyote aliye tayari kupima kabla ya kuamua.

Na tuchukue mfano wa Igogo, kata ya wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, ambako nyumba zimejengwa katikati ya majabali. Tuseme kikundi cha kuweka na kukopa cha wauza dagaa 60 kina kompyuta mpakato ndogo ya mwaka 2009 au 2010, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1. Katibu hulazimika kusubiri muda mrefu kufungua daftari la michango, na umeme ukikatika betri haimpi nafasi ya kutosha kumaliza kazi. Baadhi ya wanachama wanataka akiba ya kikundi itumike kununua mashine mpya. Je, wana haki?

Kwanza yafaa kujua ukubwa wa kazi yenyewe. Wanachama 60 wakichanga mara moja kila wiki, kwa wiki 52, hupatikana maingizo 3,120. Kila ingizo, yaani tarehe, namba ya mwanachama na kiasi cha fedha, laweza kuandikwa kwa herufi 40, na kila herufi ya kawaida huchukua baiti 1. Jumla ni baiti 124,800, sawa na takribani kilobaiti 125 kwa mwaka mzima. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi huzidi kiasi hicho mara nyingi. Ni dhahiri basi kwamba daftari la kikundi silo linaloilemea mashine. Mzigo uko katika programu zinazolizunguka.

Ili kuelewa mzigo huo, hapana budi kutofautisha kumbukumbu na diski. Kumbukumbu ni kama meza ya karani: kila anachokifanyia kazi sasa hivi lazima kiwe juu yake. Diski ni ghala lililoko uani. Meza ikijaa, mfumo wa kompyuta hulazimika kuhamishia baadhi ya vitu ghalani na kuvirudisha kila vinapotakiwa. Kusoma kutoka katika kumbukumbu huchukua muda wa nanosekunde 100 hivi, lakini diski ya kuzunguka huhitaji karibu milisekunde 10, yaani muda mrefu zaidi mara 100,000. Lau kuchukua karatasi mezani kungekuwa kazi ya sekunde 1, kuifuata ghalani kungekuwa safari ya zaidi ya saa 27. Hapo ndipo skrini inapoganda, na taa ndogo ya diski huwaka bila kupumzika. Taa hiyo ni shahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji.

Mzigo juu ya meza huwa na tabaka tatu: mfumo wa uendeshaji, mazingira ya skrini yenye madirisha na vitufe, na programu za kazi. Katika tabaka la kwanza uchaguzi umekuwa finyu. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 kwa uchache, kwa hiyo mashine ya mfano wetu haimo. Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mfumo usiotengenezwa tena huacha nyufa zake wazi, na flashi zinazozunguka kutoka duka moja la kuchapisha hadi jingine hupitisha virusi hata kwa mashine isiyounganishwa na intaneti.

Inabaki familia ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ambayo hutolewa bure. Hata hivyo, si kila tawi la familia hiyo ni jepesi, na wanaosema kwamba Linux yoyote itafufua mashine yoyote wanapotosha. Mazingira ya skrini ndiyo yenye tofauti kubwa: Xfce na LXQt yameundwa kwa makusudi ya kutumia kumbukumbu kidogo, ilhali mengine yenye mapambo mengi hujaza gigabaiti 1 kabla katibu hajafungua chochote.

Kuna kizuizi kingine ambacho wengi hukigundua wakiwa wamekwisha kupoteza siku nzima. Mashine nyingi ndogo za miaka hiyo zilitumia chipu ya Intel Atom N270, iliyotoka mwaka 2008, ambayo ni ya biti 32. Matoleo mengi ya sasa ni ya biti 64 na hayawezi kuwaka humo kabisa. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Debian 12 ya Juni 2023 bado inacho, na antiX 23 iliyojengwa juu yake inacho pia. Aina ya chipu na ijulikane kabla ya kupakua chochote, maana vifurushi vya intaneti ni fedha.

Katika programu za kazi, wepesi usiwe kipimo pekee. AbiWord kwa barua na Gnumeric kwa lahajedwali ni nyepesi sana, lakini nyaraka zilizotoka ofisi nyingine kwa Microsoft Word mara nyingine hufunguka zikiwa zimevurugika. Ikiwa katibu hupeleka taarifa kwa maofisa wa halmashauri, LibreOffice ni bora ijapokuwa ni nzito zaidi, mradi ifunguliwe peke yake. Programu iliyotangulia LibreOffice, yaani OpenOffice, iliwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Kuhusu kivinjari, hakuna dawa. Kurasa za tovuti zenyewe zimenenepa, na kichupo kimoja tu chaweza kuchukua mamia ya megabaiti. Kazi za mtandao zifanyike kwa simu, na mashine ibaki na daftari.

Wepesi una faida pia kwa betri, kwa sababu chipu isiyosumbuliwa hula umeme kidogo. Betri iliyobaki na uwezo wa saa-wati 24 itadumu saa 3 mashine ikitumia wati 8, na dakika 96 tu ikitumia wati 15. Kupunguza mwanga wa skrini husaidia sana. Aidha, LibreOffice iwekwe ijihifadhi kila baada ya dakika 3, ili umeme ukikatika hasara iwe ya mistari michache.

Jaribio lenyewe halihitaji kufuta chochote. Mfumo huandikwa kwenye flashi, mashine huwashwa kutoka humo, kisha hutolewa amri ya free -m, ambayo huonyesha megabaiti zinazotumika. Kipimo kichukuliwe mara mbili: kabla ya kufungua programu, na daftari likiwa wazi. Mashine ya gigabaiti 1 ikibakiwa na megabaiti 300 katika kipimo cha pili, inafaa kwa kazi hiyo. Isipobakiwa, kuongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 2, ambayo ndiyo kikomo cha nyingi za aina hiyo, kutagharimu kidogo kuliko kununua nyingine. Diski ikitoa sauti ya kugonga, mjadala wa programu usitishwe na diski ibadilishwe.

Kabla ya kusakinisha, daftari linakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina, na nakala zote mbili zifunguliwe katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba zinasomeka.