Dhamana ya Muda kwa Mahabusu Wagonjwa: Funzo la India Wakati wa Korona

Utangulizi

Si kila aliye nyuma ya kuta za gereza amehukumiwa. Kwa mujibu wa takwimu za serikali ya India, mwishoni mwa mwaka wa 2019 magereza ya nchi hiyo yalikuwa na watu 478,600. Kati yao, 330,487 walikuwa wakisubiri kesi zao ziamuliwe. Yaani takribani watu 69 katika kila 100. Isitoshe, penye nafasi ya watu 100 walilazwa zaidi ya 118. Miezi michache baadaye ugonjwa wa korona uliingia, na watu wote wakaagizwa kukaa mbalimbali. Agizo hilo halikuwezekana kwa mtu anayelala bega kwa bega na wenzake, na hatari ilizidi kwa yule ambaye tayari alikuwa na saratani, kifua kikuu au uzee uliomdhoofisha.

Makala hii inanuia kuchunguza jinsi sheria ya India ilivyolikabili swali moja: je, mahabusu aliye mgonjwa sana aachiliwe kwa muda hata kama shtaka lake ni zito? Hoja inayotetewa ni kwamba dhamana ya aina hii yapasa kupimwa kwanza kwa hali ya mwili wa mshtakiwa, ndipo uzito wa shtaka utazamwe. Na kwamba ikichelewa, huwa sawa na kunyimwa.

Ufafanuzi wa Istilahi

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu yeyote aliye gerezani huitwa mfungwa. Lugha ya sheria haina budi kutofautisha. Mfungwa ni aliyehukumiwa na anayetumikia kifungo. Mahabusu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni anayezuiliwa kabla ya hukumu. Huyu bado huhesabiwa kuwa hana hatia. Tofauti hii ndiyo msingi wa mjadala mzima, kwani mahabusu akifa kizuizini, hufa kabla mahakama haijasema lolote kuhusu kosa lake.

Dhamana ya kawaida humwacha mshtakiwa huru hadi kesi iishe. Dhamana ya muda huwa na kikomo: hutolewa kwa siku au miezi maalumu, kwa sababu maalumu kama vile matibabu, na tarehe ya kurejea hutajwa. Haifuti shtaka wala haitoi uamuzi kuhusu ushahidi.

Misingi ya Kisheria

Kifungu cha 21 cha Katiba ya India kinasema kuwa hakuna mtu atakayeondolewa uhai au uhuru wake ila kwa kufuata utaratibu wa sheria. Mlango wa gereza hauifungi haki hiyo nje. Aidha, kifungu cha 437 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka wa 1973 kiliiruhusu mahakama kumpa dhamana mtu mgonjwa au dhaifu, hata anaposhtakiwa kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifo au kifungo cha maisha. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine kuanzia tarehe 1 Julai 2024, lakini kanuni hiyo ilihifadhiwa.

Dhidi ya mlango huo kuna komeo. Sheria ya Kuzuia Shughuli Haramu ya mwaka wa 1967, inayotumiwa katika kesi za ugaidi, iliongezewa mwaka wa 2008 kifungu cha 43D(5). Kifungu hiki huizuia mahakama kutoa dhamana endapo, baada ya kusoma maelezo ya upande wa mashtaka, itaona kuna sababu za kuamini kuwa tuhuma zinaelekea kuwa kweli. Kwa hiyo maelezo ya upande mmoja, kabla ya shahidi yeyote kuhojiwa, huweza kumweka mtu ndani kwa miaka.

Amri za Mwaka wa 2020 na 2021

Mnamo tarehe 16 Machi 2020, Mahakama ya Juu ya India ililishughulikia suala la magereza bila kungoja mtu yeyote kuwasilisha ombi. Wiki moja baadaye, tarehe 23 Machi, iliamuru kila jimbo liunde kamati ya ngazi ya juu ya kuamua ni makundi gani ya wafungwa na mahabusu yangeachiliwa kwa muda. Mahakama ilitoa mfano wa makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 7. Wimbi la pili lilipovuma, mahakama hiyo iliamuru tarehe 7 Mei 2021 kwamba walioachiliwa mwaka uliotangulia na kurejea waachiliwe tena, na ikawakumbusha polisi wasikamate watu ovyo kwa makosa madogo.

Amri hizi ziliokoa wengi. Hata hivyo, zilikuwa na ufa. Makundi mengi yalipangwa kwa kuangalia kosa, ilhali virusi havisomi hati ya mashtaka. Kamati ya Delhi ilijaribu kuziba ufa huo mwezi wa Aprili 2020 ilipoongeza kundi la mahabusu wenye virusi vya UKIMWI, saratani, figo zinazohitaji kusafishwa kwa mashine, homa ya ini, pumu na kifua kikuu. Hapo ugonjwa ulipewa nafasi yake kama sababu inayojitegemea. Lakini hata huko, walioshtakiwa kwa makosa ya ugaidi waliachwa nje. Kamati ya Maharashtra nayo iliwatenga walioshtakiwa chini ya sheria maalumu, ikiwemo ile ya mwaka wa 1967. Mgonjwa wa kundi hili alibakiwa na njia moja tu: kwenda mahakamani peke yake.

Mahabusu Wawili, Kesi Moja

Kesi ya Bhima Koregaon, iliyotokana na ghasia za tarehe 1 Januari 2018 karibu na jiji la Pune, inalionyesha tatizo hili waziwazi. Wazee wawili walishtakiwa katika kesi hiyo chini ya sheria hiyohiyo ya mwaka wa 1967, wakazuiliwa katika gereza hilohilo la Taloja, na wote wawili walikana mashtaka.

Wa kwanza ni Varavara Rao, mshairi wa lugha ya Kitelugu. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kumfahamu: alipokuwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitafsiri kwa Kitelugu kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o, ikiwemo kumbukumbu yake ya kizuizini. Rao alikamatwa mwaka wa 2018, akaugua korona mwezi wa Julai 2020 na kulazwa. Tarehe 22 Februari 2021, akiwa na umri wa miaka 80, Mahakama Kuu ya Bombay ilimpa dhamana ya muda ya miezi 6. Mahakama iliona kuwa kumrudisha Taloja kungehatarisha maisha yake na kukiuka kifungu cha 21. Aliamriwa asiondoke Mumbai. Baada ya muda huo kuongezwa mara kadhaa, Mahakama ya Juu iliondoa kikomo chake tarehe 10 Agosti 2022.

Wa pili ni Stan Swamy, kasisi Mjesuti aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono. Alikamatwa tarehe 8 Oktoba 2020 akiwa na miaka 83. Ombi lake la dhamana ya muda lilikataliwa na mahakama maalumu mwezi huohuo. Mwezi wa Novemba alikuwa akiomba kikombe chenye mrija, kwa kuwa hakuweza kushika bilauri. Machi 2021 alinyimwa dhamana ya kawaida. Mwezi wa Mei aliwaeleza majaji kwa njia ya video kwamba alipoingia gerezani aliweza kutembea, kuoga na kula mwenyewe, na kwamba uwezo huo ulikuwa umemtoka. Alihamishiwa hospitalini, akapatikana na korona, na akafariki tarehe 5 Julai 2021, rufaa yake ya dhamana ikiwa bado mbele ya mahakama.

Sheria ilikuwa moja na gereza lilikuwa moja. Kwa Rao, ripoti za madaktari zilipewa uzito kuliko komeo la kifungu cha 43D(5) alipokuwa bado na uhai wa kuokolewa. Kwa Swamy, kila hatua ilikuja baada ya mwili kushindwa zaidi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo; kwa mahabusu mgonjwa, huua.

Pingamizi na Majibu

Wapo wanaohofu kwamba mshtakiwa atatoroka au atawatisha mashahidi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni masharti, kama yale aliyowekewa Rao, wala si kukataa moja kwa moja. Wengine hudai kuwa kila mtu atajitia ugonjwa. Jibu ni jopo huru la madaktari linaloripoti kwa mahakama ndani ya siku chache. Tena, muda una mwisho: tarehe 24 Machi 2023, Mahakama ya Juu iliwaamuru walioachiliwa kwa sababu ya janga warejee katika siku 15, huku mahabusu wakiwa huru kuomba dhamana ya kawaida.

Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, makundi ya kuachiliwa yapangwe kwa ugonjwa na umri pamoja na kosa. Pili, ombi la mgonjwa lipewe muda mfupi wa kusikizwa, unaohesabiwa kwa siku. Tatu, sheria maalumu zisiufunge mlango wa katiba unaolinda uhai. Kenya nayo haina budi kuyatafakari haya. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kuinyima. Hakimu anayeombwa dhamana na mgonjwa yampasa kuuliza swali la ziada: je, mtu huyu atakuwa hai siku ya hukumu?