Je, Kuna Kazi ya Leo? Somo Kuhusu Wasiwasi



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako, Injili ya Mathayo sura ya 6, aya ya 25 hadi 34. Soma polepole, hata mara mbili. Ni pale Yesu anapotuonyesha ndege wa angani na maua ya kondeni, halafu anatuambia tusiisumbukie kesho. Ukimaliza, rudi hapa tuongee.

Tuseme ukweli: maneno hayo ni matamu kuyasikia, lakini kuyaishi ni kazi. Siku moja, baada ya tafakari ya sura hiyohiyo na vijana wa parokia, kijana mmoja aliyemaliza chuo na anayetafuta ajira alinifuata nje. Akaniambia, "Frateri, ninyi seminarini chakula mnakikuta mezani. Mimi kodi ya chumba inaisha mwezi huu, na mdogo wangu anasubiri ada. Sasa nisisumbuke vipi?"

Swali lake ni la haki kabisa. Kama Injili haina neno la kumwambia mtu anayedaiwa kodi, basi haina neno la kumwambia mtu yeyote. Tulitafute pamoja.

Yesu anakataza nini hasa?

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na kitenzi kinachotumika katika Mathayo 6 ni *merimnao*. Mtakatifu Paulo anakitumia hichohicho katika Wafilipi 4:6, anapowaambia waamini wasijisumbue bali wampelekee Mungu haja zao. Lakini rudi nyuma kidogo katika barua hiyohiyo, sura ya 2 aya ya 20. Pale Paulo anamsifu Timotheo kwa sababu anawajali Wafilipi kwa moyo wa kweli. Kitenzi ni kilekile!

Kwa hiyo kujali siyo kosa. Kijana anayeifikiria ada ya mdogo wake anafanya alichofanya Timotheo. Yesu hatuiti tuwe watu wasiojali, wanaolala tu wakisubiri muujiza. Hata ndege wa angani hawapandi wala hawavuni, lakini kila asubuhi wanatoka kutafuta chakula.

Basi tofauti iko wapi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana jibu zuri katika *Summa Theologiae*, sehemu ya pili ya pili, swali la 55. Anasema kila kazi ina wakati wake, na kila wakati una mambo yake ya kushughulikiwa. Kuna msimu wa kushughulikia nafaka na msimu wa kushughulikia zabibu. Anayehangaikia zabibu katika msimu wa nafaka anajibebesha mapema mzigo wa wakati mwingine. Anamtaja pia sisimizi wa kitabu cha Mithali: anaweka akiba, ndiyo, lakini anafanya hivyo kwa wakati unaofaa.

Tulete jambo hili shambani kwetu. Mwezi wa palizi, kazi ya mkulima ni jembe. Akikaa barazani kutwa nzima akilia kwamba huenda bei ya mahindi itashuka wakati wa mavuno, magugu yanaendelea kuota, na ile bei haijabadilika hata shilingi moja.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha somo letu: wasiwasi ni kujali kulikokuja kabla ya wakati wake. Na dawa yake ni swali moja: katika jambo hili, kuna kazi ya leo? Kama ipo, ifanye. Kama haipo, mkabidhi Mungu mpaka wakati wake ufike.

Turudi kwa yule kijana

Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa, tukachukua karatasi na kuigawa pande mbili. Upande wa kwanza aliandika kazi za leo na kesho asubuhi: kumpigia simu mwenye nyumba kabla tarehe haijafika na kumwomba alipe kidogokidogo, kupeleka maombi mawili ya kazi, kumuuliza mjomba wake kama kuna kibarua kwenye ujenzi. Upande wa pili aliandika yale yaliyokuwa yanamkosesha usingizi: nikifukuzwa je? Nyumbani watanionaje? Nikifika miaka thelathini sina kitu je? Upande huo haukuwa na kazi hata moja ya kufanya siku ile. Ulikuwa upande wa kusalia.

Sikumwahidi kwamba kodi itajilipa. Yesu mwenyewe hakusema kesho haitakuwa na taabu. Alisema kila siku ina taabu yake ya kuitosha. Ahadi iko katika aya ya 32: Baba anajua tunachohitaji. Na mara nyingi Baba huyo anapitia mikono ya watu. Ndiyo maana Paulo anawaambia Wagalatia wachukuliane mizigo (6:2). Kwa hiyo sisi ambao mwezi huu hatudaiwi kodi tunaulizwa pia: katika jumuiya yako ndogondogo, unamjua anayedaiwa?

Usipigane na wavu

Kuna wasiwasi mwingine: ule wa kutaka wasiwasi uondoke haraka. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha mwaka 1609 kuhusu maisha ya ibada, anaufananisha na ndege aliyenaswa. Kadiri anavyopiga mabawa kwa fujo, ndivyo wavu unavyomkaza. Hakuyasema haya kama mtu asiyejua. Akiwa mwanafunzi Paris, na umri wa miaka kama 19, aliteswa kwa majuma kadhaa na hofu kwamba Mungu amemkataa. Alipata amani alipopiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria na kujikabidhi kwa Mungu.

Utulivu basi unajengwa taratibu, kwa mazoea madogo. Nakupendekezea manne:

1. Asubuhi, sala kabla ya simu. Ukianza na status za watu, siku inaanza kwa kujilinganisha. Fanya ishara ya msalaba, mshukuru Mungu, halafu taja kazi moja muhimu ya leo.

2. Mchana, pumzi na Jina. Moyo ukianza kwenda mbio, simama. Vuta pumzi polepole, itoe polepole, ukilitaja jina la Yesu. Dakika mbili zinatosha. Kisha jiulize lile swali.

3. Jioni, karatasi. Januari 2015 huko Manila, Papa Fransisko alisimulia kwamba ana sanamu ya Mtakatifu Yosefu akiwa amelala, na akiwa na shida huiandika kwenye karatasi na kuiweka chini yake. Huna sanamu? Weka karatasi yako ndani ya Biblia. Ukiisha kuandika, lala. Yosefu naye alilala, na alipoamka akafanya alichoambiwa.

4. Kila wiki, mtu mmoja. Mweleze rafiki wa kweli, mzazi au padre kile kinachokusumbua. Mzigo uliosemwa unapata wa kuusaidia.

Neno la tahadhari: kama wasiwasi umekunyima usingizi na hamu ya kula kwa majuma mengi, au unakuletea mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Si dhambi, wala si upungufu wa imani. Daktari naye ni mkono wa Mungu.

Maswali ya kutafakari

- Ni jambo gani unalihangaikia sasa ambalo halina kazi ya leo?
- Ni kazi gani ya leo unayoikwepa kwa sababu unaiwaza kesho?
- Nani karibu nawe anabeba mzigo peke yake?

Tusali

Baba mwema, unajua ninachohitaji kabla sijakuomba. Nipe nguvu ya kufanya kazi ya leo, na imani ya kukuachia ya kesho. Nifumbue macho nimwone jirani yangu anayehangaika, niwe mkono wako kwake. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.