Utunzaji wa Taarifa Viwandani: Mfano wa Themi

Watumishi wa Serikali na wananchi huuliza mara kwa mara ni kitu gani kinachokaguliwa pale kiwanda kinapoomba kuthibitishwa kwa kiwango cha ISO 9001. Aghlabu hudhaniwa kuwa ni mashine. Kumbe mkaguzi hushughulika mno na karatasi.

Eneo la viwanda la Themi, jijini Arusha, linatoa mfano ulio wazi. Maji ya ardhini pande za Mlima Meru yana floridi nyingi, ambayo ikizidi mwilini huyatia meno madoa ya kahawia na hatimaye hudhuru mifupa. Watoto ndio waathirika wakubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4, kabla ya kushusha kiwango chake hadi 1.5. Ichukuliwe basi kuwa mpimaji katika kiwanda cha kutia maji chupani ameachiwa ukutani jedwali la zamani. Atapima kwa uangalifu, kwa chombo kizuri, apate miligramu 3, na maji hayo atayapitisha. Kosa halimo mkononi mwake, limo ukutani.

Ndiyo maana kiwango hicho, kilichotolewa kwanza mwaka 1987, hutaka waraka wa kazi uidhinishwe, utambulike ni toleo lipi, upatikane penye kazi, na uliopitwa na wakati usitumike kwa bahati mbaya. Toleo la mwaka 2015 halilazimishi tena kuwapo kwa kitabu cha ubora, ingawa bado yako makabati yaliyojaa majalada yasiyofunguliwa na mtu.

Kumbukumbu ni jambo jingine. Waraka hueleza kazi ifanywe vipi, nao hurekebishwa. Kumbukumbu hueleza kazi ilifanywa vipi, nayo haiguswi. Kipimo cha jana kikiandikwa upya leo ili kipendeze, huo si usahihishaji bali ni uzushi. Likitokea lalamiko, nambari ya fungu la uzalishaji iliyopigwa chupani ndiyo itakayoonesha siku, kisima na mpimaji, na chupa zipi zirejeshwe kutoka madukani. Pasipo nambari hiyo, mwenye kiwanda hana budi kuzirejesha zote au, kama wafanyavyo baadhi, kunyamaza.

Kwa Tanzania Bara, masuala ya viwango yapo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa Zanzibar, chini ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Mwenye lalamiko aihifadhi chupa pamoja na nambari yake, na asiitupe kabla ya kuiwasilisha.